Helikopta Ndogo ya Rimoti: Kusimama Kwanza, Kwenda Baadaye

 

Kila msimu wa kampeni, sisi watu wa Trans Nzoia na Bungoma huona helikopta zikitua katika viwanja vya michezo. Vumbi hutimka, kofia huruka, na watoto kwa wakubwa hukimbia ili wakajionee. Aghalabu macho yote huwa kwa chombo na kwa yule mheshimiwa anayeshuka. Leo naomba tulitazame lile vumbi. Vumbi hilo ndilo mwanzo wa somo letu, kwani linatuambia hewa inaelekea wapi.

Somo lenyewe ni jinsi ya kuitayarisha helikopta ndogo ya rimoti na kujifunza kuirusha. Wengi wenu mmeiona hii yetu katika ukumbi. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa redio na simu mjini Bungoma, aliinunua ikiwa mtumba, akaitengeneza, akaitoa kwa Chama cha Sayansi cha shule yetu. Nilijifunzia kwake wakati wa likizo kabla ya kuileta huku Kitale. Ina uzito wa gramu 60 hivi, yaani chini kidogo ya yai la kuku la kawaida likiongezwa shilingi moja. Mapanga yake mawili yakizunguka hufanya duara lenye upana wa sentimita 25.

Mwaka ujao nitakuwa kidato cha nne, na rimoti itakuwa mikononi mwa wengine. Mapanga ya akiba yamebaki jozi mbili tu. Zikiisha bila mtu kujua kazi, helikopta itarudi kabatini iwe pambo la kukusanya vumbi. Naandika ili jambo hilo lisitokee. Tena naandika kwa Kiswahili, maana Fizikia tunaifunza kwa Kiingereza, na kuna watu huamini ati mambo ya mashine hayasemeki kwa lugha yetu. Mjomba wangu husema yote kwa Kiswahili, na mashine zake zinafanya kazi.

KITU GANI KINACHOIINUA?

Panga la helikopta limeinamishwa kidogo, kama mkono wako unapoutoa kwenye dirisha la matatu na kuuinua upande wa mbele. Linapokata hewa, linaisukuma hewa hiyo chini. Kanuni ya tatu ya Newton inatuambia kwamba kila nguvu ina nguvu nyingine iliyo sawa nayo na inayoelekea kinyume. Mapanga yakiisukuma hewa chini, hewa nayo huyasukuma mapanga juu. Vumbi la kiwanjani ni ushahidi wa ule msukumo wa chini.

Nguvu ya kuinua ikiwa ndogo kuliko uzito wa chombo, chombo hukaa pale pale. Ikizidi, chombo hupanda. Zikiwa sawa kabisa, chombo husimama hewani. Shika neno hilo, kusimama, maana ndilo nitakalolirudia mpaka unichoke.

Ndege ya kawaida hupata hewa ya kuipitia mabawa yake kwa kukimbia mbele, na ndiyo sababu huhitaji uwanja mrefu. Helikopta huyakimbiza mapanga yake yenyewe, kwa hivyo yaweza kuinuka kutoka mahali palipo sawa na jamvi la kuketia watu wanne. Lakini faida hiyo ina gharama yake, kama tutakavyoona.

KWA NINI MKIA NAO UNA RAFADHA?

Jaribu hivi. Keti kwenye kile kiti cha ofisini kinachozunguka, uinue miguu, kisha uzungushe kwa nguvu gurudumu la baiskeli ulilolishika juu ya kichwa likiwa limelala. Gurudumu litakwenda huku, wewe na kiti mtakwenda kule. Kumbe ile kanuni ya tatu inafanya kazi hata katika kuzunguka.

Basi mota ya helikopta inapoyazungusha mapanga kufuata mwendo wa mishale ya saa, kiwiliwili nacho hutaka kuzunguka kinyume. Kisipozuiwa, kitazunguka kama pia. Rafadha ndogo ya mkia husukuma hewa upande, ikaukinga mkia usiende. Mpango huo wa rafadha kuu moja juu na ndogo moja mkiani ndio alioutumia Igor Sikorsky katika helikopta yake iitwayo VS-300, iliyoinuka kwa mara ya kwanza huko Marekani tarehe 14 Septemba 1939. Siku hiyo chombo kilifungwa kwa kamba kisiende mbali. Usicheke! Aliyekiunda ndiye aliyekuwa rubani, na hakuona aibu kukifunga kamba.

Kuna njia nyingine ya kuzuia mzunguko. Ni kuweka rafadha kuu mbili, moja juu ya nyingine, zikizunguka kinyume. Helikopta nyingi za kuchezea watoto zimeundwa hivyo. Hizo hutulia zenyewe, na mtu wa kuanza kabisa atazipenda. Hii yetu ina rafadha kuu moja, kwa hivyo inataka mkono uliofunzwa.

VIUNGO NA MAJINA YAKE

Kabla ya kukishika chombo, kijue. Nitatumia majina tunayotumia chamani.

Mapanga ni yale mawili ya juu. Chini yake kuna kisahani, ambacho ni duara dogo lililovishwa kwenye mhimili. Kisahani kikiinama mbele, mwinamo wa kila panga hubadilika linavyozunguka. Matokeo yake ni kwamba helikopta huinamisha pua na kwenda mbele. Kikiinama kushoto, chombo huenda kushoto. Vinavyokiinamisha ni viboksi viwili vyenye mota ndogo na mkono mdogo, viitwavyo servo. Vijiti vyembamba huunganisha servo na kisahani.

Juu ya mapanga upo ufito wa mizani wenye vizito viwili nchani. Kazi yake ni kuyapunguzia mapanga papara. Ndani ya kiwiliwili kuna ubao wa umeme wenye jairo, kifaa kinachohisi mkia ukianza kugeuka bila kuamriwa, kikaiongeza au kuipunguza kasi ya mota ya mkia. Mjerumani Dieter Schlüter, aliyefaulu kuunda helikopta ndogo zilizotii rimoti mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na jairo ndogo za umeme kama zetu. Ilibidi vidole vya mrushaji viulinde mkia wakati wote. Sisi tuna bahati.

Rimoti ina vijiti viwili. Katika hii yetu, cha kushoto kikisukumwa juu huongeza nguvu, na kikisukumwa kando hugeuza pua. Cha kulia huamrisha kisahani: mbele, nyuma, kushoto, kulia.

KUITAYARISHA

Haraka haraka haina baraka. Matayarisho haya huchukua nusu saa mara ya kwanza, na dakika tano siku zinazofuata.

1. Betri. Betri yetu ni ya lithiamu, ya seli moja. Ikijaa hufika volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3. Ichaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na karatasi na mapazia, na usiondoke ukaiacha peke yake. Ikivimba kama andazi, haifai tena. Usiitoboe wala kuitupa motoni, kwa sababu inaweza kuwaka. Ikiwa hutairusha kwa siku kadhaa, iache na volti 3.8 hivi, isiwe imejaa wala kuishiwa.

2. Mizani ya mapanga. Yang'oe mapanga yote mawili, uyafunge pamoja katikati kwa skrubu, uyaning'inize kwa uzi. Upande mmoja ukishuka, bandika kipande kidogo cha utepe wa gundi kwenye panga lililo jepesi. Mapanga yasiyolingana hutikisa mashine nzima, na mtikisiko huo huitia jairo wazimu.

3. Skrubu za mapanga. Zisikazwe sana. Ukiilaza helikopta ubavu, panga liweze kujikunja kwa kusukumwa kidogo. Likigonga ukuta litajikunja badala ya kuvunjika. Mzunguko wenyewe ukianza utayanyoosha.

4. Kitovu cha uzito. Ishike helikopta kwa vidole viwili kwenye ufito wa mizani, betri ikiwa ndani. Ikiinamisha pua, isogeze betri nyuma kidogo. Ikiinamisha mkia, isogeze mbele. Inapaswa kuning'inia sawasawa kama mizani ya muuza sukari mwaminifu.

5. Kisahani. Weka vijiti vya rimoti katikati, kile cha nguvu kikiwa chini kabisa. Washa rimoti kwanza, betri ya helikopta baadaye. Wakati wa kuzima fanya kinyume: betri kwanza, rimoti mwisho. Chombo kisiwe na uhai hata sekunde moja bila mwenye kukiamrisha. Ukiisha kuunganisha betri, iache helikopta sakafuni bila kuigusa mpaka taa yake iache kupepesa, kwa sababu wakati huo jairo inajifunza maana ya kutulia. Kisha chungulia kisahani kutoka mbele na kutoka ubavuni. Kama kimeinama, rekebisha urefu wa vile vijiti vyembamba, nusu mzunguko kwa wakati mmoja.

6. Njia ya mapanga. Paka rangi ncha ya panga moja. Ongeza nguvu kidogo chombo kikiwa bado chini, mtu asimame mbali na kulitazama duara kwa usawa wa macho. Ukiona ncha mbili, moja juu na moja chini, basi mapanga hayapiti njia moja. Zima, rekebisha kijiti cha lile la juu, kisha urudie.

KUJIFUNZA KURUSHA

Mtu mgeni akipewa rimoti hutaka kwenda. Ataisukuma helikopta mbele, itashika kasi, atataka kuirudisha, itapita kiasi, na ukuta utamaliza mambo. Siku ya kwanza hapa shuleni, mwenzetu mmoja aliye shujaa wa michezo ya simu alikipandisha kijiti mpaka juu kwa mkupuo. Ndani ya sekunde tatu chombo kilikuwa kimegonga boriti. Jozi ya tatu ya mapanga ya akiba iliishia pale.

Kosa si la mikono yake. Ni kwamba helikopta haifanani na gari. Gari ukiliachilia, litasimama. Helikopta ukiiachilia, itaendelea kule inakoelekea, na ukiiamuru irudi, itachukua muda kabla ya kutii. Kwa hivyo kusimama hewani si kutofanya kitu. Ni kufanya marekebisho madogo, mengi, kabla kosa halijawa kubwa. Anayeweza kuisimamisha anaweza kuipeleka popote, kwa sababu kwenda ni kusimama kunakosogea. Asiyeweza kuisimamisha hawezi kuipeleka popote, ila itampeleka yeye.

Hatua ni hizi. Usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: miguu ya bandia. Funga mirija minne ya soda chini ya miguu ya helikopta ikiwa na umbo la msalaba, kila ncha uitie kijipira cha sponji. Chombo kitafanana na buibui. Hakika si maridadi, lakini hakianguki ubavu kwa urahisi. Angalia uzito usizidi, na uhakikishe mirija haifikii mapanga.

Hatua ya pili: kuteleza. Chora kwa chaki mraba wa mita mbili katikati ya ukumbi. Simama mita tatu nyuma ya helikopta, mkia ukikuelekea wewe. Hapo kushoto kwake ni kushoto kwako. Ongeza nguvu mpaka chombo kiwe chepesi, karibu kuinuka, lakini kisiinuke. Kitaanza kuteleza upande fulani. Kirekebishe kwa vitufe vidogo vya kusawazisha vilivyo kando ya kila kijiti. Fanya hivi kwa betri mbili nzima. Najua inachosha, lakini papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Hatua ya tatu: kuruka kama panzi. Inuka kwa sekunde mbili, tua. Sekunde tano, tua. Utagundua kwamba chombo kikiwa karibu na sakafu huyumba ajabu. Sababu ni kwamba hewa iliyosukumwa chini hugonga sakafu na kurudi, ikafanya mto usiotulia. Kwa chombo chetu, chenye duara la sentimita 25, mto huo huisha kwenye usawa wa magoti. Kwa hivyo, ukishaweza kutua bila hofu, inua mpaka usawa wa kiuno. Waoga hubaki chini wakidhani ni salama, kumbe huko ndiko kugumu.

Hatua ya nne: kusimama. Mkia ukiwa kwako bado, iweke helikopta ndani ya mraba kwa sekunde kumi. Kisha thelathini. Kisha dakika moja. Itazame pua yake, wala si mkia, maana pua huinama kabla chombo hakijaondoka. Ukiona imeinama, gusa kijiti na ukirudishe. Gusa, usisukume.

Hatua ya tano: ubavu, halafu uso. Ukiweza dakika moja, geuza helikopta ikupe ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Mwisho kabisa ndipo ikutazame usoni. Hapo mambo hugeuka kinyume: ukisukuma kijiti kulia, chombo kitaenda kushoto kwako. Dawa yake ni moja. Chombo kikiegemea upande fulani, sukuma kijiti kuelekea upande huo huo, kana kwamba unaweka mwamba chini ya ukuta unaotaka kuanguka. Mimi ilinichukua majuma matatu ya likizo kufika hapo, betri nne kwa siku.

Na sheria inayoshinda zote: ukipotewa, shusha nguvu mpaka chini. Kuanguka kutoka usawa wa kiuno huku mapanga yamelegea huvunja kidogo. Kung'ang'ana huvunja kingi.

KITALE SI BUNGOMA

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niipende Fizikia. Kule Bungoma, nilikuwa nimebandika utepe kando ya kijiti cha nguvu na kutia alama ya kalamu mahali helikopta iliposimama hewani, betri ikiwa imejaa. Tulipoileta Kitale na kuirusha saa saba mchana, ilikataa kuinuka pale penye alama. Ilibidi kijiti kipande juu zaidi, kiasi cha unene wa shilingi.

Tulikagua betri. Ilikuwa na volti 4.2. Tulikagua gia na mapanga, yote yakawa sawa. Tukapima uzito kwa mizani ya maabara, nao haukuwa umeongezeka. Basi kilichobaki ni kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, kwa sababu hakionekani: hewa.

Ukitoka Bungoma kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, matatu hupanda karibu njia nzima. Bungoma ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kitale ipo mita 1,900 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyo juu yako inavyopungua, na mgandamizo unashuka: karibu paskali 85,600 kule Bungoma, na 80,500 huku kwetu. Zile kanuni za gesi za kidato cha tatu zinaturuhusu kukadiria uzito wa hewa. Gawanya mgandamizo kwa 287, kisha gawanya tena kwa halijoto ya Kelvin, yaani nyuzi za Selisiasi ukijumlisha 273.

Bungoma, mchana wa nyuzi 30: gramu 984 kwa kila mita ya ujazo.
Kitale, mchana wa nyuzi 25: gramu 941.

Hewa yetu imepungua kwa gramu 43, zaidi kidogo ya asilimia 4. Mapanga yana hewa chache ya kusukuma, kwa hivyo ni lazima yazunguke haraka zaidi. Kwa vile nguvu ya kuinua hufuata mraba wa kasi, nyongeza inayohitajika ni asilimia 2 na kidogo. Kama ni mizunguko 2,000 kwa dakika kule, huku ni kama 2,045. Hiyo ndiyo tofauti iliyojitokeza katika unene wa shilingi!

Tulipofika hapo, rafiki yangu mmoja akauliza swali zuri: je, asubuhi ya baridi? Tukakokotoa.

Kitale, asubuhi ya nyuzi 12: gramu 984.

Tazama maajabu hayo. Asubuhi Kitale ikiwa na baridi ya kutia meno gwaride, hewa yake huwa na uzito ule ule wa hewa ya Bungoma mchana wa joto. Jumamosi moja tulifika ukumbini saa kumi na mbili na nusu, masweta yakiwa shingoni. Tukachaji betri vile vile, tukairusha. Kijiti kilisimama kwenye alama ya Bungoma, ila unywele tu. Sijawahi kuona hesabu ikitii namna ile.

Basi hii ndiyo ile gharama niliyoitaja mwanzo. Helikopta huishi kwa hewa inayoikuta. Marubani wa helikopta kubwa hupiga hesabu hii kabla ya kupanda milima kama Elgon wetu, wenye kilele cha mita 4,321, kwa sababu mzigo unaobebeka pwani huenda usibebeke kule juu, hasa jua likiwaka.

Kuna helikopta iliyokutana na taabu hii kuliko zote. Inaitwa Ingenuity, ya shirika la anga la Marekani, NASA. Ilirushwa katika sayari ya Mirihi, ambako hewa ni kama asilimia 1 tu ya hewa ya duniani. Uzito wa vitu kule nao ni mdogo, kama theluthi moja na kitu ya uzito wa hapa, lakini msaada huo hautoshi. Wahandisi waliifanya iwe nyepesi, kilo 1.8, wakaipa rafadha mbili zinazozunguka kinyume, zenye upana wa mita 1.2, na mizunguko ipatayo 2,400 kwa dakika. Tarehe 19 Aprili 2021 iliruka kwa mara ya kwanza. Je, ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Iliinuka mita 3, ikasimama, ikageuka, ikatua. Sekunde 39 tu. Baada ya hapo ndipo ilipoanza safari, mpaka ikatimiza mara 72 kufikia Januari 2024, mapanga yake yalipoharibika. Wataalamu wenyewe walianza na hatua yetu ya nne. Wewe ni nani uiruke?

USALAMA NA SHERIA

Mapanga madogo yaweza kulipasua jicho. Mrushaji avae miwani, na watazamaji wakae nyuma yake, umbali wa mita tatu au zaidi. Mwenye nywele ndefu azifunge. Hakuna kuidaka kwa mkono, hata kama marafiki wanashangilia.

Sisi huirusha ukumbini tu, milango ikiwa imefungwa. Nje kuna upepo wa alasiri, na zaidi ya upepo kuna sheria. Kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, zilizotolewa nchini mwaka 2020, zinataka chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mwenye kukimiliki awe ametimiza miaka 18. Mjini Kitale kuna kiwanja cha ndege, na upande wa Bungoma kuna kile cha Matulo karibu na Webuye. Rubani anayetua hawezi kukiona chombo kidogo mpaka kimemgonga. Kwa hivyo atakayetaka kurusha nje amtangulize mwalimu au mzazi, wakaulize Mamlaka kwanza. Hilo si jambo la kubahatisha.

MWISHO

Ndugu zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, rimoti ni yenu. Msiogope kuonekana wajinga mkiiweka helikopta ndani ya mraba wa chaki juma zima huku wengine wakiuliza, "Mbona haiendi?" Waambieni imesimama. Wakibisha, wapeni rimoti nao waisimamishe sekunde kumi tu, miguu ya bandia ikiwa imefungwa. Watanyamaza wenyewe.

 Hapa natia nanga.

Maswali ya kujadiliana chamani

1. Eleza kwa nini helikopta yenye rafadha kuu mbili zinazozunguka kinyume haihitaji rafadha ya mkia.
2. Mombasa ina mgandamizo wa paskali 101,300 hivi. Kokotoa uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa yake mchana wa nyuzi 30. Je, kijiti cha nguvu kitasimama juu au chini ya alama ya Bungoma?
3. Pendekeza jina la Kiswahili la ule ufito wa mizani, kisha ulitetee.
4. "Kwenda ni kusimama kunakosogea." Jadili, ukitoa mifano miwili isiyohusu helikopta.